Goti la Arehama

Jumapili, 14 Januari

Daftari hili nilipewa na muuguzi ili niandike Baba kanywa maji mara ngapi na dawa kameza saa ngapi. Kurasa za mbele ni za kazi hiyo. Huku nyuma naandika yangu, maana theluji imetufungia ndani na wa kuzungumza naye sina. Norio, mume wangu, yuko Tokyo kwenye ujenzi kama kila majira ya baridi. Nimebaki na duka letu la kinyozi na baba yake, mzee Yasaku, miaka themanini na mitatu. Tangu kiharusi cha Novemba upande wake wa kushoto hausogei, wala hasemi.

Leo mashindano ya Januari ya sumo, mieleka yetu, yameanza. Chumba cha Baba kiko nyuma ya duka. Nikiacha mlango wazi anaiona runinga akiwa kitandani. Saa kumi jioni akaingia Gonda muuza samaki, theluji mpaka kwenye nyusi.

"Mpwa wangu kashapanda?"

"Bado. Funga mlango, unatuletea baridi."

Mpwa wake ni Arehama. Hilo ni jina la ulingoni. Sisi tunamjua kwa Hisashi. Baba ndiye aliyemfundisha, kwenye ulingo ulioko nyuma ya shule, tangu ana miaka minane. Sasa ana thelathini na minne, yuko mkiani mwa daraja la juu, na goti lake la kulia limefungwa bendeji nene kama mto wa kulalia. Siku kumi na tano, mapambano kumi na tano. Akishinda nane, anabaki. Akishinda saba, anashuka, na kwa umri wake kushuka ndiyo kwaheri.

Leo kashinda. Gonda aliruka hadi akagonga taa kwa kichwa. Mimi nilipiga kelele nikiwa na wembe mkononi, na mteja aliyekuwa kwenye kiti akasema, "Mama, kumbuka hili ni koo langu!"

Jumatatu, 15 Januari

Duka limefungwa, kama kila Jumatatu. Niliangalia peke yangu na Baba. Arehama kashindwa. Alirushwa nje ya ulingo akaangukia bega la kushoto, chini kabisa, mapajani mwa watazamaji wa mbele. Nilifumba macho. Nilipofumbua, alikuwa keshapanda tena ulingoni kuinamisha kichwa. Uso wake haukuwa wa maumivu. Ulikuwa wa mtu aliyesikia akiitwa, kageuka, hakuona mtu.

Jumanne, 16 Januari

Asubuhi nilipomwogesha Baba nilikuta damu imevilia kwenye bega lake la kushoto, alama kubwa kama kisahani, nyeusi katikati na njano pembeni. Nikadhani nilimlaza vibaya.

Odagiri, muuguzi, huja Jumanne na Ijumaa. Ni dada mpole, mikono yake baridi, hucheka kwa shida. Aliitazama ile alama muda mrefu.

"Amegonga wapi?"

"Sijui."

"Yeye hasogei, Bi Michiyo."

"Ndiyo, hasogei."

Akaandika kitu kwenye karatasi zake, akaniuliza kama ninalala vizuri.

Naandika hili kwa sababu hakuna atakayelisoma. Nilipoiona ile alama, kabla ya huruma, nilifurahi kidogo. Miaka ishirini na minane nimekaa na mzee huyu. Supu ikipoa, alikuwa anaimwaga mbele yangu bila neno. Norio ana kovu kichwani la fimbo ya mianzi ya baba yake, na mpaka leo ukitaja sumo mbele yake anatoka chumbani. Mtu wa namna hii akipata alama, moyo una vya kusema.

Arehama kashinda. Mawili kwa moja.

Jumatano, 17 Januari

Kashindwa. Alisukumwa kifuani kwa viganja viwili, pa! pa!, mpaka nje. Theluji tangu alfajiri.

Alhamisi, 18 Januari

Leo Baba ana alama mbili kifuani. Za viganja. Vidole vinahesabika.

Nilipima kiganja changu juu yake. Changu kiliingia ndani kikabakiza nafasi pande zote.

Ijumaa, 19 Januari

Odagiri kaziona. Sikuweza kumficha, yeye ndiye anayebadilisha shuka. Safari hii hakuuliza kama ninalala. Aliuliza, "Nani mwingine huingia humu?"

"Gonda muuza samaki. Haingii chumbani, hukaa dukani."

"Basi ni wewe tu."

"Ni mimi tu."

Nilitaka kumwambia juu ya vile viganja. Ningemwambia nini? Kwamba ni vya mtu aliyeko Tokyo, kwenye runinga? Nikamkaribisha chai. Hakuinywa.

Arehama kashindwa. Jana alishinda, kwa hiyo ni matatu kwa matatu. Gonda aliondoka bila kuaga.

Jumamosi, 20 Januari

Kashinda. Kavutwa nywele kidogo, mwamuzi hakuona. Nilitukana kwa sauti. Baba alikuwa anatokwa jasho, na chumbani maji ya kwenye glasi yalikuwa yameanza kuganda.

Jumapili, 21 Januari

Kashindwa. Manne kwa manne. Nimepakua theluji ya paa peke yangu, mgongo umekufa.

Jumatatu, 22 Januari

Leo nimefanya jaribio. Ilipofika saa kumi nikazima runinga, nikafunga mlango wa chumba, nikavuta kiti nikaketi mbele ya Baba. Nilijiambia: asipoona, halitatokea.

Saa kumi na dakika ishirini macho yake yalihama kutoka kwangu yakatazama ukutani, kama vile ukuta una kina. Akavuta pumzi ndefu. Mkono wa kushoto, ule uliokufa tangu Novemba, ukafunga ngumi na kugusa godoro, kama wafanyavyo wale watu kabla ya kuvamiana. Kisha kichwa chake kikarudi nyuma kwa nguvu mpaka mto ukaanguka. Hakuna aliyemgusa. Mimi mikono yangu ilikuwa mapajani. Naandika hapa ili mimi mwenyewe nisije kusahau: mikono yangu ilikuwa mapajani.

Mdomo wake ulikuwa unatoka damu. Nilipoifuta nilisikia harufu ya mafuta ya nta ambayo watu wa sumo hupaka kwenye fundo la nywele. Humu ndani hakuna mtu wa fundo.

Nilimfunua miguu nione. Nyayo zake, ambazo hazijakanyaga kitu kwa miezi miwili, zilikuwa na vumbi la udongo wa mfinyanzi, ule wa ulingoni, laini kama unga. Kwetu udongo haujaonekana tangu Desemba. Kote ni theluji, kimo cha mtu.

Gonda alipiga simu. "Umeona alivyopigwa kofi la uso? Nikasema mdomo umejaa damu! Halafu kasimama anajifuta, anautazama mkono wake, hamna kitu. Mkavu! Huyu mtoto kawa chuma, Bi Kinyozi."

Manne kwa matano.

Jumanne, 23 Januari

Odagiri kaja na barua. Jumatatu ijayo mkubwa wake atakuja kumtazama Baba, na huenda wakamhamishia kwenye nyumba ya wazee ya mjini. Alikuwa analia kidogo aliponipa. "Nimewaona wengi wanaochoka," alisema. "Siyo kwamba nakuona mtu mbaya."

"Mimi sikumpiga."

"Bi Michiyo, mdomo umepasuka."

Jioni nikampigia Norio. Nilimweleza habari za barua na za alama; mengine niliyameza. Nikawa nasikia mashine za kazini kwake. Halafu akasema polepole, "Niambie ukweli tu. Umempiga?"

"Hapana."

"Kama umempiga, mimi nitakuelewa."

Nilikata simu. Angenituhumu, ningemjibu. Lakini kunielewa!

Arehama kashinda. Sikushangilia.

Jumatano, 24 Januari

Kashindwa, matano kwa sita. Aliangushwa kwa kuvutwa, goti la kulia likagonga ulingo. Ukumbi mzima ulisema "aah". Akasimama kama hakuna lililotokea.

Mteja hakuwapo. Nikamuuliza Gonda, "Lile goti lilianzia wapi?"

Kwanza alijifanya anatafuta sigara. Halafu akatazama mlango wa chumba cha Baba na kushusha sauti. "Wewe hukuwa unafika ulingoni. Alikuwa na miaka kumi na mmoja. Mazoezini, goti likalia, mimi mwenyewe nililisikia nikiwa uzioni. Mtoto akaanguka anashika mguu. Mkweo akamwambia, simama. Akasimama. Akamwambia, vishindo vya mguu kumi tena. Akapiga kumi, analia, makamasi yanamtoka. Tulikuwa watu wazima watano pale uzioni."

"Na hamkusema kitu?"

"Tulisema atakuwa bingwa."

Alivaa kofia yake. Mlangoni akageuka. "Mwaka juzi nilipita pale kwenye ulingo wa shule, siku ya mvua. Nikamkuta mkweo kapiga magoti katikati, peke yake, ananong'ona na udongo. Nikajua uzee. Sikumwambia mtu."

Goti la kulia la Baba limevimba kidogo. Nimeliwekea kitambaa cha maji baridi. Ni mara ya kwanza nimemgusa bila kulazimika.

Alhamisi, 25 Januari

Kashinda. Sita kwa sita.

Baada ya wateja kuondoka nikaketi kando ya kitanda. "Baba," nilisema, "ni wewe unayetaka hivi?"

Mkono wake wa kulia, ule mzima, ulinishika kifundo cha mkono. Ulikuwa na nguvu ambayo sijaisikia tangu augue. Akafungua mdomo uliopasuka, na baada ya miezi miwili ya kimya akasema neno moja, wazi kabisa.

"Bado."

Nilitoka nikasimama nje kwenye theluji bila koti.

Ijumaa, 26 Januari

Sita kwa saba. Amebakiza siku mbili, na zote mbili lazima ashinde.

Nimeacha kujua ninachokitaka. Akishindwa kesho, kila kitu kimekwisha, atastaafu na Baba atapumzika. Nilijikuta naomba ashindwe. Mimi, niliyebandika picha yake juu ya kioo cha duka! Halafu nikamtazama Baba, nikaona yeye haombi hivyo.

Odagiri alipokuja hakunisalimu kwa jina. Nikamwambia, "Jumapili si siku yako ya kazi. Njoo hata hivyo. Njoo saa tisa na nusu, ukae naye wewe, umshike mikono. Mimi nitakaa dukani, mlango wazi, uione mikono yangu."

"Kwa nini Jumapili?"

"Ukija utajua. Usipokuja, Jumatatu mchukueni."

Jumamosi, 27 Januari

Kashinda! Saba kwa saba. Gonda kamwaga bia kwenye taulo zangu zote, na mimi nimecheka mpaka nikalia. Kisha nikakumbuka kwamba kuna kesho.

Jumapili, 28 Januari

Naandika taratibu ili nisiruke kitu.

Odagiri alikuja saa tisa na nusu, amevaa sweta jekundu. Sikuwahi kumwona bila sare. Alimkagua Baba mwili mzima mbele yangu, alama moja moja, akaziandika. Goti la kulia lilikuwa na uvimbe ule mdogo wa Jumatano, basi. Kisha akaketi kitandani akashika mikono yake miwili. Mimi nikakaa kwenye kiti cha wateja, viganja juu ya mapaja. Gonda alisimama karibu na jiko la mafuta ya taa, hajui lolote, anatafuna kucha.

Mpinzani alikuwa Kurotaki, kijana wa miaka ishirini na mmoja, kilo mia moja na themanini. Naye alikuwa saba kwa saba. Mmoja abaki, mmoja ashuke. Arehama akachota chumvi nyingi akaitupa juu kama mvua. Yeye huwa anachota kidogo.

"Yuko vizuri," Gonda alinong'ona. "Mwone mabega."

Walivamiana. Kwenye runinga ilikuwa sauti ya kawaida, lakini nyuma yangu kitanda kiligonga ukuta.

"Bi Michiyo..." Odagiri alianza kusema.

Sikugeuka. Nilishindwa kugeuka. Kurotaki alikuwa anamsukuma, hatua kwa hatua, visigino vya Arehama vikafika kwenye kamba ya majani ya ukingoni. Gonda anapiga kelele, "Zunguka! Hisashi, zunguka!" Na kutoka chumbani, sauti nzito, ya mwalimu, sauti niliyoisikia nikiwa bibi harusi ikivuma kutoka ulingo wa shule mpaka jikoni kwangu: "Hisashi. Sasa."

Arehama akazunguka. Akiwa juu ya kamba, mguu mmoja hewani, alimkamata yule kijana mkanda akamgeuza, wakaanguka wote wawili kutoka juu ya ulingo. Goti la kulia la Arehama lilikuwa chini. Kilo mia moja na themanini zilitua juu yake na mguu ukakunjwa upande ambao mguu haukunjwi. Ukumbi ukanyamaza.

Kule chumbani kitu kilikatika. Ilikuwa sauti kavu, kama tawi la mtufaha likielemewa na theluji.

"Njoo!" Odagiri alikuwa anapiga mayowe. "Bi Michiyo, njoo! Sikumgusa! Naapa sikumgusa, nilikuwa nimemshika mikono tu!"

Nilikimbia. Goti la kulia la Baba lilikuwa linavimba mbele ya macho yetu, kama mkate jikoni, na mguu chini yake umeelekea nje. Baba hakuwa analia. Alikuwa anapumua kwa mdomo, jasho linamchuruzika, anatazama juu ya bega langu, kwenye runinga.

Nikageuka. Waamuzi walikuwa wanashauriana nani kagusa chini kwanza. Arehama alikuwa amesimama. Alikanyaga mguu wa kulia mara moja, polepole, kama mtu anayejaribu barafu ya ziwa. Akaukanyaga tena. Wakampa ushindi. Akapanda, akachuchumaa, akanyanyuka bila kushika kitu, akashuka akatembea njia nzima ya kutokea bila kuchechemea. Gonda alikuwa kapiga magoti sakafuni kwangu, analia katikati ya nywele za wateja.

Daktari alikuja saa moja jioni. Kano zimekatika, alisema, na akauliza mtu asiyesogea amekatikaje kano. Odagiri akajibu kabla yangu.

"Alianguka. Nilikuwepo."

Jumatatu, 29 Januari

Mkubwa wake hakuja. Odagiri alizungumza naye, sijui alisema nini. Aliniletea maandazi ya maharage, tukala jikoni tukiwa tumesimama. "Nilikuwa nimemshika mikono tu," alisema tena. Nikamwambia najua.

Jumanne, 30 Januari

Hisashi kaja. Wamepewa wiki moja ya mapumziko, akapanda treni moja kwa moja. Alilazimika kuingia mlangoni kiubavu. Watu walikuwa wanajaa barabarani kumwona, nikashusha pazia.

"Shangazi, mwalimu hajambo?"

"Ingia umwone mwenyewe."

Lakini hakuingia. Alikaa kwenye kiti changu cha kunyolea, kikalia chini yake. "Nikuulize kitu, usinicheke. Tangu siku ya pili, naanguka na sihisi kitu. Si kwamba hainiumi. Ni kama... ni kama naangukia juu ya mtu. Kuna mtu kati yangu na ulingo. Jumapili nililisikia goti likikatika. Nililisikia, shangazi. Nikangoja maumivu. Nikasimama mzima."

Nikanyanyuka, nikasogeza mlango.

Baba alikuwa macho. Nilimfunua taratibu ili Hisashi aone: bega, kifua na zile alama za viganja, mdomo, na mwisho goti, lililofungwa bendeji nene. Mtu mkubwa vile alishuka kwenye mikeka kama nyumba inayobomoka. Akaweka paji la uso chini.

"Inatosha, mwalimu," alisema. "Mimi nilishasamehe zamani. Inatosha."

Baba alimtazama muda mrefu. Sijawahi kumwona akimtazama hivyo mwanawe mwenyewe. Akasema, "Machi."

Machi ni mashindano ya Osaka.

Hisashi alinyanyua uso. Nilikuwa nimewahi kuuona akishindwa mara mia, lakini uso ule sikuwa nimeuona.

Ijumaa, 2 Februari

Imetangazwa mchana. Arehama kastaafu. Kambi yake inasema ni goti la kulia. Magazeti yote yameandika goti. Gonda kaja akiwa mwekundu kwa hasira. "Kashinda nane! Kabaki daraja la juu! Nimemwona anakimbia kwenye theluji kama mbwa! Goti gani?" Nikampa taulo ya moto afute uso. Nilikaribia kumwambia. Nikamnyoa tu.

Baba nilimsomea habari yote, neno kwa neno. Aligeuzia uso ukutani. Nilikaa naye mpaka giza lilipoingia.

Jioni nilimpigia Norio nikamweleza kila kitu, hata yale ambayo ningeyaficha. Hakusema kama ananiamini. Aliuliza kama baba yake anasikia maumivu. Miaka ishirini na minane, sijawahi kumsikia akiuliza hivyo. Anakuja Jumapili ya tarehe 11.

Jumatano, 7 Februari

Hisashi kapiga simu asubuhi. Ameteleza kwenye barafu ya ngazi za kambi, akaangukia goti.

"Limeuma, shangazi!" alipiga kelele, nikasikia wenzake wakicheka nyuma yake. "Limeuma vibaya sana! Siwezi hata kusimama!"

Alikuwa anacheka, kisha akawa hacheki. "Nenda kamtazame," alisema.

Nikaacha simu wazi juu ya meza. Baba alikuwa amelala, mdomo wazi, anakoroma kidogo kama mzee yeyote. Nilimfunua nikamkagua kama Odagiri alivyomkagua, kuanzia shingoni mpaka kwenye nyayo, halafu nikarudia tena kwa taa. Bega limebaki njano hafifu. Kifua kimesafika. Kwenye lile goti hakuna kipya.

Nikarudi kwenye simu nikamwambia hakuna kitu.